Walisema Damu Yangu Ni Safi

Ndugu zangu, nawasalimu katika jina la Yesu aliyenishika nisiende! Sifa zote ni zake!

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa moja: kama damu yangu ni safi, ni nini kinachonila? Hospitalini Kisumu waliichukua mara kadhaa, wakaitia kwenye chupa za kuotesha vijidudu. Hakikuota kitu. Lakini kila jioni homa ilipanda, godoro likalowa jasho, na suruali niliyovaa siku ya mahafali nikawa naifunga kwa kamba.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, kazi sikupata, nikarudi kwa Mama karibu na Kombewa kumsaidia kutunza mbuzi wake. Watu waliponiona nakonda wakasema ukimwi. Nikapimwa, sikuwa nao. Ndipo baba mdogo akaja na yake: "Msomi mzima unalala nyumba ya mama yako, hujajenga simba, kibanda chako cha ujana, kama vijana wengine. Umevunja mila, hiyo ni chira, laana inayokondesha! Ama digrii inazuia chira?" Nilicheka, kisha nikashinda kutwa nikiwaza kwamba labda ni kweli. Ndivyo nilivyo, wazo likiniingia halitoki.

Kanisani majibu yale ya chupa yalikuwa sherehe. Mzee wa maombi alinipandisha mbele. "Hakuna kilichoota! Damu ni safi! Shetani ameaibika! Ndugu, toa ushuhuda!" Nilishika kipaza sauti nikihema. Nilianguka.

Wakanirudisha Kisumu. Kitanda nilicholazwa kilikuwa bado na joto la mtu aliyetoka kufa.

Daktari mmoja, mama wa makamo, alisikiliza kifua changu kwa muda mrefu. Akauliza kama utotoni niliwahi kuvimba magoti kwa homa. Nikasema ndiyo. Akasema vali ya moyo iliharibika tangu hapo, na sasa kuna kijidudu kimepiga kambi juu yake. Vali ilikuwa inavuja.

"Lakini daktari, damu yangu haina kitu."

"Haina kitu kinachokubali kuota kwenye chupa. Vijidudu vingine huishi ndani ya chembe hai tu. Kwenu mna mifugo?"

"Mbuzi wa Mama."

"Wanazalia wapi?"

"Jikoni. Tunawafungia humo, wezi ni wengi."

"Nani anawazalisha?"

"Mimi."

"Na wewe unalala wapi?"

"Humo humo."

Wote walikuwa wameniuliza nalala na nani. Hakuna aliyefikiria mbuzi!

"Kuna walioharibu mimba?"

Mama, aliyekuwa ameketi sakafuni, ndiye aliyejibu. "Msimu huu wengi, daktari. Huyu ndiye aliyevuta wale wafu kwa mikono yake."

Daktari akachukua sindano. Alisema atapeleka damu Nairobi, wasiioteshe, bali watafute alama ambazo mwili huacha unapopigana na kijidudu hicho cha mbuzi. Majibu yangechelewa sana. Alitaka nianze vidonge mara moja, nivimeze pengine kwa miaka.

"Una uhakika?" nikamuuliza.

"Sina. Nikingoja uhakika, nitausoma mochari."

Nawaambia mapema: majibu yalipokuja yalikuwa upande wake. Lakini siku ile hakuna aliyejua, na mzee wa maombi alikuwa amesimama kando ya kitanda. "Ukimeza hizo, umemwita Mungu mwongo," akasema. Niliwaza mpaka kichwa kikauma. Nikimeza, nimekana uponyaji? Nisipomeza, nani atamzika Mama, ikiwa yeye ndiye atakayenizika mimi? Halafu likanijia, ndugu zangu, waziwazi kabisa: Mungu hakusema damu yangu ni safi. Ni sisi tuliosema!

Namshukuru Mungu kwa yule mama aliyeuliza habari za mbuzi. Vali haijapona, mlima siupandi, na vidonge bado nameza. Lakini ni mimi ninayewaandikia. Wewe unayeficha homa kwa kuwa ulishatangazwa mzima, mtegemee Bwana, kisha rudi ukapimwe. Bwana haogopi ukweli wa mwili wako!

Siku ile mimi nilimwambia mzee wa maombi, "Mzee, bado ni mgonjwa. Niombee nikiwa mgonjwa." Nikanyoosha mkono, Mama akanipa kikombe cha maji, nikameza.