Mama Justina Masalu Anakabidhi Ghala na Raketi

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi, tarehe 30 Aprili 2025 Mama Justina Masalu, mkuu wa ghala wa kiwanda chetu cha kuchambua pamba hapa Bariadi, anastaafu. Aliajiriwa mwaka 1992 akiwa karani wa mizani, na tangu akabidhiwe ghala hajapoteza robota hata moja. Vinyoya vyake vya kuchezea vilivyonasa juu kwenye kenchi za paa hatutavitaja.

Kwa wageni wa sherehe hii: Mama Justina aliichezea timu ya taifa ya mpira wa vinyoya, ule wa wawili wawili, mwanamume na mwanamke upande mmoja. Alifundishwa na Marcelo, fundi wetu wa zamani, aliyehamia kutoka Tanga mwaka 1994 na raketi nne. Siku ya kwanza walicheza nje. Upepo ukakipeleka kinyoya kwenye zizi la jirani, ndama akakitafuna. Mchezo ukahamia ghalani, ambako kuanzia Januari hadi msimu wa ununuzi hakuna pamba, paa liko juu, na ufunguo anao Mama Justina. Vinyoya vilipochakaa alivitengeneza upya kwa manyoya ya bata kutoka Nassa. Viliruka kama mlevi anayetafuta mlango, lakini aliyeweza kuvipiga hivyo aliweza kupiga chochote.

Mwaka 2006 alipata mwenza wa uwanjani, fundi mitambo kijana kutoka Sapiwi aitwaye Josia Ngassa. Wakaelewana, wakaitwa timu ya taifa. Kisha Josia akafanya jambo ambalo hakuna kocha anayelifundisha: mwaka 2008 alimwoa Winnie, binti wa Mama Justina. Josia huyo ndiye anayeandika wasifu huu, kwa kuwa kamati ilikosa mwingine, naye ataendelea kujitaja kama mtu baki ili asione aibu.

Wasukuma wenzetu hawahitaji maelezo. Kwa wengine: kwa mila ya nyumbani kwetu, mkwe wa kiume hamkaribii mama wa mkewe, hampiti mbele, hampi mkono, hamwangalii usoni. Heshima si utumwa, lakini kwenye uwanja wenye upana wa mita sita ni shughuli. Mama Justina alianza kufunga kanga juu ya suruali ya michezo. Kinyoya kikija katikati, Josia alimwachia mkwewe kwa adabu, na mkwewe alimwachia Josia kwa adabu hiyo hiyo, kikatua chini kwa amani. Nairobi, mwaka 2009, walikuwa wanaongoza kumi na tisa kwa kumi na saba katika seti ya mwisho. Wapinzani hawakujua neno hata moja la Kisukuma, ila walishajua kwamba katikati kuna shimo. Wakapiga hapo hapo mara nne, na mchezo ukaisha.

Kocha akasema wazi kwamba safari ijayo Josia atachezeshwa na binti wa miaka ishirini. Mama Justina alikuwa na miaka arobaini na minne, na hakuwa ameshinda mchezo hata mmoja nje ya nchi. Kwa umri huo, ukiachwa mara moja umeachwa moja kwa moja. Hakulalamika. Alipanda pikipiki hadi Sapiwi kwa baba yake Josia, Mzee Mayige, akaomba ukoo ukae kikao.

Mzee Mayige alikataa kuamua jambo asilolijua. Akaja ghalani, akakalia gunia, akatazama vinyoya vitano vikianguka katikati ya watu wawili wenye adabu. Ndipo akamuuliza Mama Justina, kwa heshima ya kumwita mama, "Sasa mayu, hapa mnaheshimiana ninyi, au mnaliheshimu hili nyoya?" Kikao kikaisha kwa kuchinja mbuzi na kwa uamuzi mmoja: ndani ya mistari ya chokaa hakuna ukwe, mguu ukitoka nje ya mistari, mila inarudi pale pale.

Kampala, mwaka 2010, robo fainali, seti ya mwisho, ishirini kwa ishirini. Kinyoya kikaja katikati. Josia akajivuta nyuma kwa mazoea. Mama Justina akamwambia "Toka!" kwa sauti iliyosikika jukwaa zima, akapiga, na kiwiko chake kikakutana na pua ya mkwewe. Pointi ikawa yao, na iliyofuata pia. Mchezo ulipokwisha Josia alitoka kwa upande wake, akainamisha macho na kumsalimia mkwewe kwa mbali. Waganda wakadhani wamegombana. Walirudi na medali ya shaba, ambayo iko ofisini kwa meneja. Pua iko kwa mwenyewe, imepinda kidogo kushoto, na anaipenda hivyo hivyo.

Mama Justina aliacha timu ya taifa mwaka 2014, akabaki kuwafundisha wafanyakazi kila Jumamosi. Wawili kati yao sasa wanauchezea mkoa. Meneja mmoja naye alijifunza, tukaambiwa tusimcheke.

Sasa anahamia Lingeka kwenye ng'ombe wake, na hapa naacha kujiita Josia. Kwa miaka kumi na saba, nje ya uwanja, sijawahi kuzungumza na mama huyu ana kwa ana. Mlango wa ghala ukikwama ananiandikia karatasi, nami najibu nyuma ya karatasi hiyo hiyo. Shukrani zangu haziwezi kuenea hapo. Angeweza kubaki nyumbani na heshima yake yote, na asingelaumiwa na mtu. Alikwenda kuomba mbele ya wazee, peke yake, ili tuendelee kucheza. Naumia kwamba anaondoka.

Wafanyakazi wote tunakushukuru, mayu, na tunakuombea mvua za wakati, ng'ombe wanono na miaka mingi ya kupumzika. Sherehe ni ghalani, na nimeiomba kamati iweke kiti chako ndani ya mistari. Nitakuja na zawadi, nitakuangalia usoni, nitakupa mkono, nitakushukuru kwa mdomo wangu. Kisha utatoka kwa upande wako, nami kwa upande wangu.