Mzee Kashindye Shimba na Miaka Minne Aliyowaombea Busisi

Ndugu, majirani na wanamichezo mliofika, mpendwa wetu Kashindye Shimba alizaliwa Busisi tarehe 14 Machi 1947, mtoto wa tatu wa mzee Shimba na mama Paskazia, akasoma hukohuko hadi darasa la nane, na mwaka 1966 akavuka kuja Mwanza, akaajiriwa kupima pamba katika kiwanda cha kuchambulia, kazi aliyoifanya hadi alipopunguzwa mwaka 1994. Tarehe 5 Agosti 1972 alifunga ndoa na Wilhelmina, wakajaliwa watoto watatu, Chenge, Odeta na Rebeka.

Marehemu alikuwa mtu wa kuuliza. Mwaka 1993, akisikiliza redioni mechi za kufuzu Kombe la Dunia, aliuliza kwa nini Afrika nzima ina nafasi tatu na Ulaya kumi na tatu, na nchi inayotolewa mapema, ikakaa miaka minne bila mechi ya maana, itajifunzia wapi kushinda. Basi alipochaguliwa katibu wa kombe la timu za ziwani mwaka 1995, aliondoa mtoano, akapanga makundi, kila timu icheze nyumbani na ugenini, na timu ya kwao Busisi akaiombea miaka minne ya kujifunza.

Mwaka huo Busisi walifungwa na Mkuyuni, timu ya mtaa wake hapa Mwanza, mabao saba, uliofuata manne, wa tatu mawili. Wajumbe wakamwambia, “Mzee, hao watu wa kwenu wanavuka maji kuja kuhesabiwa mabao tu, watoe!” Akajibu, “Miaka minne haijatimia. Wakifungwa tena nitawatoa mwenyewe, na ukatibu nitauacha.”

Juni 1998 alianza kuugua figo, na tarehe 27 Julai, akiwa kwa ndugu zake Busisi, alizidiwa, akalazwa Sengerema. Jumamosi tarehe 8 Agosti Busisi walicheza Mkuyuni, wakatoka sare, mbili kwa mbili, na kesho yake asubuhi Rebeka akavuka na kivuko kumpelekea matokeo. Marehemu hakufurahi upesi. Aliuliza, “Mkuyuni walipanga kikosi cha kwanza, au walinionea huruma kwa kuwa naumwa?” Rebeka akamtajia wote kumi na mmoja, akaongeza kwamba nahodha wao Ngosha alivua jezi akaitupa chini kwa hasira. Hapo marehemu akacheka sana. Alifariki siku hiyo, saa kumi jioni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Sengerema, majirani wa Mkuyuni, wenzake wa kiwandani na wachezaji wa timu zote mbili. Marudiano yatachezwa Busisi Jumapili ijayo, hayataahirishwa, na kwa mara ya kwanza hakuna anayejua nani atashinda.

Pumzika salama, baba.