Marehemu Valéry Mirindi na Mrija Alioukataa

Ndugu, jamaa, wakwe zetu na majirani, nasimama kwa niaba ya familia mimi Jovithe, mdogo wake marehemu, kuwasomea maisha ya kaka yetu Valéry Mirindi, na nitayasoma yote bila kuruka, kama mke wake Lisette alivyotaka.

Alizaliwa Ruziba tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa kwanza kati ya watano, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1978 hadi 1984, akajifunza ushonaji kwa miaka mitano, na tarehe 2 Februari 1990 akaweka cherehani yake kwenye baraza ya duka la vitambaa la mzee Karimu, mtaa wa Asiatique, akakaa hapo miaka thelathini na mitano, pini mdomoni, utepe wa kupimia shingoni, akiwatania wateja kwamba anavijua vitambi vyao kuliko wake zao.

Alifunga ndoa na Lisette tarehe 6 Julai 2002, wakahamia Gasenyi, wakajaliwa Orlane, tarehe 11 Mei 2003, na Maxime, tarehe 30 Oktoba 2007.

Mwaka 2018 fizi zake zilianza kutoka damu, akaacha kuuma pini, akasukutua maji ya chumvi, akabadilisha dawa za meno moja baada ya nyingine, hadi jino la mbele likaanza kucheza, na tarehe 9 Aprili 2019 daktari wa meno akamweleza kwamba fizi zinazooza upesi namna ile zinaweza kuwa dalili ya virusi vya UKIMWI vilivyoshusha kinga ya mwili, kwamba kusafisha meno pekee hakutoshi, apimwe damu. Kaka alijibu, "Apana, docteur, we nipe dawa ya meno tu, mi sitaki mambo ya damu," akatoka, lakini baada ya wiki mbili akarudi mwenyewe, akapimwa, akakutwa navyo.

Dawa alipewa, akazificha dukani ndani ya kopo la vifungo, na kila alipozuiwa nyumbani na malaria au msiba hakuzinywa, maana kuzifuata kulikuwa ni kujitakia maswali, akawa mfungwa ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Tarehe 20 Januari 2024, siku ya mahari ya Orlane, chungu cha pombe ya mtama kiliwekwa katikati, wakwe wakanywa, wakampa mrija huohuo, naye akaukataa. Kwetu, kukataa mrija ni kumwambia mwenzio kwamba unamshuku ameweka sumu, hivyo baba mkwe wa Orlane akachukua kofia yake akaondoka, na Orlane hakumsemesha baba yake kwa miezi saba. Kaka aliogopa damu ya fizi zake, ingawa daktari alishamwambia kwamba kunywa kwa mrija mmoja hakuambukizi, akaona heri aitwe mwenye majivuno. Nasema hili kwa uchungu, na kwa hasira pia: aliwakinga wakwe na mrija usio na dhara, na mke aliyelala naye kitanda kimoja hakumwambia neno.

Alilazwa kwa kifua kikuu tarehe 4 Agosti 2025, tarehe 11 akamweleza Lisette yote huku akilia, Lisette akaenda kupimwa kesho yake, na tarehe 3 Septemba, saa nne asubuhi, kaka alifariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule wa meno aliyethubutu kusema, majirani wa Gasenyi waliotuletea chakula, mafundi wenzake wa Asiatique walioishona suti aliyovaa leo, na wakwe zetu, ambao wamekuja baada ya kuujua ukweli.

Siku zake za mwisho kaka aliuliza mara mbili majibu ya Lisette, nasi mara zote mbili tulimwambia kwamba mke wake hana kitu. Lisette anavyo virusi, ameanza dawa, amekaa hapa mbele yenu, na leo ndiyo mara ya kwanza tunamwambia mume wake. Tusamehe, kaka, upumzike kwa amani.