Magurudumu Mawili ya Lukumani Kaimu

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Chai yangu ipo hapa mezani na sijaigusa, kwa sababu mtu ninayekuja kumzungumzia leo hanitoki moyoni. Mnaonijua mnajua si kawaida yangu kuingia katika kipindi hiki na uchungu. Leo mtanivumilia.

Tunamkumbuka Lukumani Kaimu wa Mandawa, huko Ruangwa. Dereva. Mkulima wa korosho na ufuta. Mume wa Bi Mwantumu. Amefariki mwezi wa Januari mwaka huu wa 1958, huku akidai magurudumu mawili ya gari lake. Narudia, magurudumu mawili. Aliyadai miaka mitatu na zaidi, na hakuyapata.

Lukumani alijifunza gari Nachingwea, miaka ile ya mradi wa karanga. Mnaikumbuka miaka ile. Matrekta yaling'oa msitu, watu wakamiminika kutoka kila upande kutafuta kazi, na karanga zenyewe zikagoma kuota. Mradi ulipovunjika, magari mabovu yakauzwa. Lukumani akanunua moja, gari la mizigo lililokwisha kupita vitani, akashinda chini yake wiki tatu mpaka likanguruma. Mdogo wake, Hasani, aliniambia hivi: "Kaka alilijua lile gari kuliko alivyotujua sisi ndugu zake. Likikohoa tu, anakuambia limekula nini."

Sasa gari lile lilikuwa na tabia moja, na hapa naomba msikilize vizuri. Magurudumu ya kulia, nati zake zilifunguliwa kama nati nyingine zote. Ya kushoto zilifunguliwa kinyume. Ukidhani unafungua, kumbe unakaza. Ndivyo lilivyotengenezwa huko lilikotoka. Lukumani alilijua hilo, na hakuna fundi aliyeligusa bila kuambiwa kwanza.

Pale Mandawa halikuwepo gari jingine. Lilibeba korosho, likabeba maharusi, likabeba wagonjwa. Bi Mwantumu anasema mgonjwa hakuulizwa nauli hata siku moja, na kwamba yeye mwenyewe alimgombeza mumewe kwa hilo, na mumewe alikuwa akimjibu kwamba nauli ya mgonjwa ni kupona.

Ikafika Oktoba ya 1954. Korosho zinakaribia, barabara ni mbovu, matairi mawili ya kushoto yamekwisha. Lukumani akaenda Nachingwea, dukani kwa Bwana Adinani, aliyekuwa akiuza matairi na kuyafunga palepale. Fundi wa duka aliitwa Protasi, Mngoni wa Songea. Lukumani ni Mmwera. Basi hao ni watani. Mababu walipigana, wajukuu wakabaki kutaniana. Mtani atakunyang'anya kofia, atakamata kuku wako, atakuumbua mbele ya mkweo, na wewe unacheka. Ukinuna, mwenye kosa ni wewe.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Lukumani akamweleza Protasi habari ya nati za kushoto, akamwonyesha kwa kidole zinavyozunguka, kisha akaenda msikitini. Protasi akasahau. Nati zilipogoma, akachomeka bomba kwenye spana ili apate nguvu, akaning'inia juu yake kwa uzito wake wote. Boliti nne zikakatika. Akaingia na nyundo, na ringi mbili, vile vyuma vinavyovalishwa matairi, zikapinda. Halafu, wasikilizaji, yote hayo yakapakwa grisi nene, gari likashushwa kwenye jeki, matairi mapya yanang'aa.

Lukumani aliporudi, barazani pa duka watu walikuwa wamejaa. Protasi akamwambia, "Mmwera, gari lako nimelila. Njaa ya babu yangu imenishika." Lukumani akacheka sana. Akajibu, "Kula, Mngoni. Cha mtani hakidaiwi." Baraza zima likacheka naye. Akawasha gari, akaondoka.

Mtu wa mbali atauliza kwa nini hakukagua. Atakagua vipi? Kuinama pale mbele za watu, na mtani wako anakuchekesha, ni kusema kwamba humwamini. Mimi ni mtoto wa kusini. Ningecheka kama yeye, na ningeondoka kama yeye.

Hakufika hata Chiola, njiani kurudi Mandawa. Gurudumu la mbele, la kushoto, lilichomoka, likampita, likatangulia barabarani peke yake utafikiri lina haraka ya kuwahi Mandawa. Gari likalalia mtaroni. Mungu bariki, hakuumia mtu. Lukumani akafuta grisi kwa kidole, akaona. Akaokota vipande vya boliti, akavifunga kwenye leso, akarudi Nachingwea kwa miguu.

Bwana Adinani alimpokea vizuri. Kiti, kahawa, pole nyingi. Kisha akamkumbusha kwa upole kwamba yeye mwenyewe alisema hakidaiwi, na watu walisikia. Shauri likafika kwa wazee wa baraza. Lukumani akafungua leso yake, akapanga vile vyuma mbele yao. Hakudai fedha. Alidai ringi mbili zinazolingana na gari lake, na boliti zake. Wazee wakamwambia kesi ya mtani haina hukumu. Akasimama, akasema maneno ambayo Hasani anayakumbuka mpaka leo:

"Mimi nilicheka na Protasi. Sikucheka na duka. Duka si mtani wangu."

Watu wakaangua kicheko. Hata hilo walidhani ni utani.

Protasi alipoulizwa, alimtazama tajiri wake kwanza. Kisha akasema alimwambia mwenye gari kwamba amelila, naye akamruhusu ale. Wazee wakanyanyuka. Shauri limekwisha.

Tangu siku hiyo Lukumani akawa mtu wa barabara. Gari lilivutwa mpaka Mandawa, likawekwa juu ya magogo uani. Yeye akatembea. Siku mbili kwenda Nachingwea, siku mbili kurudi, leso mfukoni. Kila msimu wa korosho ukiisha, anakwenda. Kila akifika, kahawa. Watu wakaanza kumwita Bwana Leso. Mwaka wa tatu Bwana Adinani akampa mpita njia ringi moja kuukuu ampelekee, kumnyamazisha. Ringi ya gari lake ina matundu sita ya boliti. Ile ilikuwa na matundu matano. Lukumani aliitazama, akaiweka chini. Bi Mwantumu akaichukua, akaweka mtungi wa maji juu yake usianguke.

Januari mwaka huu mvua ilinyesha vibaya. Lukumani akashikwa na homa ya mapafu. Wanaume wanne wakamlaza kitandani, wakainua kitanda mabegani, wapate kumfikisha hospitali. Ili kutoka uani ilibidi wapite ubavuni mwa gari. Bi Mwantumu anasema mumewe alinyoosha mkono, akaligusa bodi, akauliza kama magogo bado mazima. Hawakufika hospitali. Gari lililobeba wagonjwa wa watu wote halikumbeba mwenyewe. Nalisema hili na roho inaniuma.

Arobaini yake nilikwenda. Haya yanayofuata sikusimuliwa, niliyaona.

Watu wamekwisha kusoma, chakula kinakaribia, akatokea Protasi. Ametoka Nachingwea kwa miguu, siku mbili, njia ileile. Akaenda moja kwa moja akalala kizingitini, akaziba mlango. Hiyo ni haki ya mtani msibani: hapiti mtu mpaka apewe kitu. Watu wakatabasamu, wakangoja maneno yake. Hasani akaleta jogoo. Protasi akakataa. Akaletewa na unga. Akakataa. Akaketi palepale kizingitini, akasema:

"Nilivunja mimi. Kabla hajatoka msikitini nilikuwa nimeshajua. Nilitaka kumwambia. Bwana Adinani akaniambia nipake grisi, na akirudi nimtanie mbele za watu."

Hakucheka mtu. Hasani alikuwa bado amemshika jogoo, hajui amweke wapi. Bi Mwantumu alikuwa ndani, nyuma ya mlango ule ule. Akasema, bila kupaza sauti: "Shemeji, maneno haya yalitakiwa Nachingwea. Hapa hayana gari la kuyabeba."

Kisha akamchotea maji, maana mgeni ametembea siku mbili. Aliyachota kwenye mtungi ule uliokaa juu ya ringi ya matundu matano. Protasi akaiona ringi. Akanywa maji yote, akarudisha kata, akaondoka bila kula.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba yenu nimempa pole Bi Mwantumu, nimempa pole Hasani na ukoo wote wa Kaimu, na watu wa Mandawa ambao leo wanabeba wagonjwa wao mabegani. Mwenyezi Mungu amlaze Lukumani pema.

Na wewe Bwana Adinani. Najua dukani kwako kuna redio, nimeisikia mwenyewe, huiweka barazani watu wasikilize. Utani ni mali ya mababu. Walituachia ili mtu aliyemuua ndugu yako aweze tena kula nyumbani kwako. Hawakutuachia ufunikie boliti zilizovunjika. Wanaokaa barazani kwako jioni hii wamesikia, kama walivyosikia siku ile ya Ijumaa. Ringi zinazotakiwa ni mbili, za matundu sita. Bi Mwantumu bado anadai, na leso anayo yeye.