Mzee Chomoa Anaondoka, Soketi Hazijafika

Tarehe 30 Novemba 1986, baada ya miaka ishirini na mitano ya kazi, fundi wetu wa stima, Mzee Jeconia Ogutu, anastaafu. Mhariri wa jarida hili aliniagiza niandike ya kuchangamsha. Nitajaribu, lakini asinilaumu.

Alishuka treni Voi mwaka 1961 akitokea Ugenya, akaajiriwa kwenye mashine za mkonge hapa shambani. Baada ya muda alikabidhiwa stima yote, kuanzia kiwandani hadi nyumba za wafanyakazi, zile tunazoziita laini. Mashine ikianza kukohoa tu, yeye tayari yuko chini yake, tochi mdomoni.

Huko laini tulimpachika jina la Mzee Chomoa. Akiingia kwako, hata kabla hajakaa, ameshaishika plagi kwa kiganja kama mama anayempima mtoto homa. Ikiwa na joto anachomoa, hata kama shati lako la kanisani limepigwa pasi upande mmoja tu. Stima ikikatika alipita akigonga milango, redio zichomolewe, maana ikirudi hurudi na nguvu za kuunguza. Kwenye harusi moja Wundanyi alizama chini ya meza ya maharusi katikati ya hotuba, akifuata waya uliobanwa na mguu wa meza. Bibi harusi alidhani ni mlevi. Tulicheka mpaka tukafika Voi.

Kicheko hicho kiliisha mwaka 1977. Wasioishi laini waelewe kwanza desturi yetu. Stima iko kwenye nyumba chache tu, nyingi zikiwa za manyapara. Mtu akifiwa, nyapara wa karibu hupitisha waya wa ekstensheni dirishani mwake hadi matangani, kwani si uungwana kuwaacha wafiwa gizani na wewe una taa. Mzee hakuipenda desturi hiyo, wala hakuweza kuikataa. Nani angeweza? Basi alifundisha. Waya ukunjuliwe wote kutoka kwenye kigurudumu unachozungushiwa, hata kama unahitaji nusu tu. Usifunikwe na kitu. Ubebe balbu, basi.

Mwezi wa Agosti alifariki Mwandawiro wa kitengo cha kukata mkonge. Waya ulitoka kwa nyapara Makau, na Mzee aliukunjua kwa mikono yake asubuhi kisha akaenda kiwandani. Mchana ndugu wa marehemu walishuka kwa wingi kutoka Rukanga. Wazee wakawa wanajikwaa, na watu wenye nia njema wakauzungusha waya tena kwenye kigurudumu, wakakifunika kwa mkeka na godoro ili wageni wapite vizuri. Halafu mtu akachomeka birika kubwa la chai. Waya uliokunjwa hivyo ukibebeshwa mzigo mzito hujipika wenyewe. Godoro lilishika moto katikati ya maombi, na moto ukapanda hadi paa la nyumba. Ajiambo, mke wa Mzee, alikuwa ndani akimliwaza Dinah, mjane wa marehemu. Alimsukuma Dinah nje, paa likamwangukia yeye.

Meneja wa wakati ule alikuja kutoa rambirambi. Mzee alimsikiliza hadi mwisho.

"Bwana Meneja, pole yako nimeipokea," alisema. "Sasa leta stima kila nyumba, na soketi ukutani. Watu hawatapitisha waya dirishani tena."

Aliahidiwa. Akamzika Ajiambo kwao Ugenya, akarudi kabla likizo haijaisha, akangoja. Mameneja wengine wamekuja na kuondoka, kila mmoja na ahadi yake. Tangu hapo kila palipokuwa na matanga Mzee alikaa kando ya kigurudumu cha waya mwanzo hadi mwisho, hanywi chai, hasemi na mtu. Hakuna nyumba nyingine iliyoungua. Hayo ndiyo mafanikio yake, na mimi naona uchungu kuyaita mafanikio, maana mwanadamu alifanya kazi ambayo ingefanywa na soketi.

Wiki iliyopita alirudisha vifaa. Sisi wa stoo tulimpa blanketi na saa ya ukutani, naye akashukuru kwa sauti ya chini. Wa kushika nafasi yake hajateuliwa. Jumapili nilipita laini nikaona nyaya tatu zikining'inia madirishani, mbili zimeungwa pamoja, kiungo kimesukumwa chini ya mkeka wa mlangoni. Hapakuwa na msiba. Watu walikuwa wanasikiliza mpira.

Mzee Jeconia, tunakushukuru kwa kila plagi uliyotuchomolea huku tukikununia. Mungu akupe afya na uzee wenye utulivu huko Ugenya. Na siku ya kwenda kupanda treni, baba, tafadhali pitia njia ya ofisini. Usipite laini.