Mzee Kwichi na Mapipa Yake Mawili

Sauti ya kwanza niliyoisikia katika ofisi hii ilikuwa ya chuma kikilalamika: kwichi, kwichi, kwichi. Nilikuwa nimeripoti kazini asubuhi ile ile, nikadhani geti linahitaji mafuta. Halikuwa geti. Ulikuwa mpini wa pipa la droo, na aliyekuwa akiuzungusha, mikono ya shati imekunjwa na uso mkavu kama wa hakimu, ni huyu tunayemuaga leo. Tarehe 30 Juni anastaafu, baada ya miaka thelathini na moja katika idara ya vibali vya uwindaji. Jina lake kamili liko kwenye faili. Sisi tunamwita Mzee Kwichi.

Kwa wasioijua kazi yake: kila mwaka hutolewa vibali vichache vya kuwinda nyati, na wanaovitaka ni wengi mno. Katika kila vibali kumi, tisa ni vya wakazi na kimoja ni cha wageni, ambao hulipa mara nyingi zaidi. Ndiyo maana mapipa ni mawili, la kijani la wakazi na jekundu la wageni. Kila mwombaji ana kibao chenye namba yake, na siku ya droo wanaochomolewa vibao vyao pipani ndio hupewa vibali. Kazi ya Mzee ilikuwa kuamua kibao gani kiingie pipa lipi. Inasikika rahisi. Jaribuni.

Kila bajeti ilipokaribia, mhasibu wetu alimwomba awaongezee wageni kidogo tu. Mzee alimwagizia chai, akamsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, na hakuongeza hata kimoja. Wakazi nao walikuja kulalamika kwamba hicho kimoja ni kingi, maana nyati hulala kwenye mahindi yao, si ya wageni. Nao walipewa chai.

Mkazi, kwa kanuni zetu, ni mtu anayeishi hapa wakati wa kuomba. Mfanyabiashara mmoja alifika na hati ya nyumba, bili ya umeme na tabasamu pana. Mzee alizisukuma karatasi pembeni, akauliza, "Mtaani kwenu maji hukatika siku gani?" Yule bwana akajibu kwa fahari kwamba kwake maji hayajawahi kukatika. Foleni nzima ikaangua kicheko. "Karibu sana, mgeni wetu," Mzee akamwambia, na kumwonyesha dirisha la pili, la wageni.

Siku ya droo, yule aliyepiga kelele kuliko wote kwamba kuna wizi ndiye aliyeitwa mbele kuingiza mkono pipani. Mimi, kwa bidii ya mwajiriwa mpya, niliuletea mpini kopo la grisi. Mzee alilipokea kwa adabu na kulifungia kwenye droo ya meza yake. "Mwanangu, ukiulainisha huu, waliokaa nyuma watajuaje kwamba pipa linazunguka?"

Sasa tuseme lile ambalo sote tunalijua. Mzee Kwichi ni mwindaji, na kila mwaka ameomba kibali cha nyati kama mkazi yeyote. Hajawahi kukipata. Wapiga kelele aliowaita yeye mwenyewe wamechomoa vibao vya majirani zake, vya shemeji yake, hata cha kinyozi wake, cha kwake kamwe. Mkewe husema nyati huyo atakufa kwa uzee akimsubiri.

Tangu Aprili, Mzee amekuwa kwenye likizo ya kustaafu, na amehamia kwa binti yake ng'ambo ya mpaka, kulea wajukuu. Jumatatu iliyopita alirudi kuleta ombi lake. Mtu huyu aliyewahi kurudisha fomu za watu kwa sababu ya nukta, safari hii alikuwa ameacha nafasi ya makazi wazi. Alinitazama. Nami, niliyekalia kiti chake, nikamuuliza maji hukatika siku gani. "Jumanne," akasema bila kusita. Ratiba ilibadilishwa Mei. Siku hizi ni Alhamisi. Dereva ndiye aliyeanza kucheka, kisha sote, kisha yeye, kwa kuchelewa kidogo.

Alipoondoka, mhasibu alinijia. "Dada, fumba jicho mara moja tu. Ni mzee wetu." Dereva akaongeza kwamba kitanda cha Mzee bado kiko kwenye nyumba yake ya hapa, hakikuingia kwenye lori la kuhamia. Bosi alisema meza ni yangu, na uamuzi ni wangu. Siku mbili sikula vizuri. Katika pipa la kijani angekuwa na tumaini la kweli. Katika lile jekundu, mh.

Mzee wetu, asante kwa chai, kwa swali la maji, na kwa kutufanya tuaminiwe hata na walioshindwa. Tunakuombea magoti yenye nguvu, wajukuu wasikivu, na nyati asiye na haraka. Nafasi ile uliyoiacha wazi nimeijaza mwenyewe, kwa anwani ya binti yako. Kibao chako kimo ndani ya pipa jekundu tangu jana asubuhi, na mpini sijautia grisi.