Sentimita Moja na Nusu Kufika Kwenye Kijani

Benchi la nje ya duka la Fundi Mita lina miguu mitatu na tofali moja, na asubuhi ile lilibeba wanaume watatu, birika la kahawa na karatasi moja ya shule. Fundi mwenyewe, ambaye futi ya kupimia haimtoki shingoni, alikuwa katikati, kahawa ikimpoa mkononi. Binti yake wa darasa la nne alikuwa amefanya ule mtihani mpya unaofanywa siku moja na watoto wa shule zote, na majibu yalikuja bila nafasi. Si wa kwanza, si wa arobaini. Yalisema tu: “Kiwango cha 2 kati ya 4. Anakaribia.” Mtoto alipokuwa akivaa viatu aliuliza, “Baba, kwani mimi mjinga?” Fundi akamjibu watazungumza akirudi mchana. Sasa ilikuwa saa nne, na hakuwa na la kumwambia.

— Anakaribia wapi? aliuliza kwa mara ya tano. Mtu hukaribia mahali!

— Usiwe na wasiwasi, alisema Profesa, kinyozi wa duka la pili, aliyepata jina hilo kwa kusoma gazeti mpaka matangazo ya minada. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mgeni nani hapo?

— Mtihani.

— Na mgonjwa?

— Wewe. Jitazame sura.

Wa tatu alikuwa Breki, dereva mstaafu wa lori, aliyeitwa hivyo kwa sababu ulimi wake hauna kitu hicho. Akaivuta karatasi na kugonga ule mstari wenye rangi tatu na nukta nyeusi juu yake.

— Hii geji ya mafuta, jamani! Nyekundu, njano, kijani. Mtoto ana nusu tangi. Atafika, ila asipande milima.

— Geji gani! alisema Profesa. Wewe hujiulizi kwa nini walikatazwa kalamu ya wino? Ile mashine inayosahihisha inanusa penseli. Mtoto akiogopa, mkono unatoa jasho, jasho linaingia kwenye penseli, mashine inanusa woga. Inakata alama.

— Wangu hatoki jasho.

— Ndiyo maana kapewa mbili. Angetoka jasho angepewa moja.

— Na hivyo viwango vinne ni vya nini?

— Vya ndege, alijibu Profesa bila kupepesa. Wa nne wataendesha ndege. Wa tatu watapanda. Wa pili watabaki chini wakipunga mkono.

— Na wa kwanza?

— Watafagia uwanja. Haba na haba hujaza kibaba.

Breki alicheka mpaka benchi likaruka tofali. Fundi hakucheka. Akilini alimwona binti yake amesimama chini, anapunga mkono. Akavua futi shingoni, akailaza juu ya karatasi, akapima toka nukta nyeusi mpaka kijani kinapoanzia.

— Sentimita moja na nusu.

— Hiyo tu? Breki alipiga paja. Hiyo hata kwa pindo la suruali haitoshi!

— Tulia, alisema Profesa. Karatasi ina mikunjo. Vipimo vya kitaalamu havichukuliwi kwenye mikunjo.

Hoja ilikuwa na mashiko. Fundi akaingia ndani, akaipiga karatasi pasi ya moto mdogo, kulia na kushoto kwa mikunjo, akarudi nayo imenyooka kama kola. Akapima tena.

— Sentimita moja na milimita sita.

— Pasi imemrudisha nyuma! alipiga kelele Breki. Mtoto wa watu! Milimita nzima!

Hapo ndipo bibi mmoja alipofika kuchukua sare ya mjukuu wake.

— Shikamoo, bibi.

— Marahaba, wanangu. Mnapiga barua pasi?

— Majibu ya mtihani, bibi. Tunayachambua.

— Ah, hayo! Mimi macho hayaoni maandishi, nikamwomba mwalimu anisomee. Wa kwangu kumbe insha ndiyo inamtesa. Siku hizi kila jioni ananisimulia jambo, halafu analiandika. Na wako, fundi, kinachomshinda ni nini?

Fundi aliisogeza karatasi karibu na macho, akalitafuta jibu kwenye zile rangi tatu.

— Mwalimu alikuwa akigeuza karatasi, bibi alisema kwa upole. Nadhani maelezo yapo upande wa nyuma.

Fundi akageuza. Yalikuwepo, kwa herufi kubwa: “Anasoma kwa ufasaha. Anajumlisha na kutoa vizuri. Asaidiwe: nusu, robo na theluthi.”

— Asiyejua maana haambiwi maana, alijitetea Profesa.

— Hilo umesema kweli, mwanangu, bibi alijibu, akachukua sare yake na kwenda zake.

Fundi alicheka mpaka machozi, na si machozi yote yalikuwa ya kicheko. Yeye aliyelisha nyumba kwa nusu mita na robo mita hakuwahi kumruhusu mtoto asogelee meza ya kukatia. Kila alipokuja alimfukuza: toka hapo, utachafua kitambaa cha watu. Aliona haya, na wakati huohuo alifurahi kama mtu aliyeokota ufunguo wa nyumba yake mwenyewe.

Mchana binti alirudi, akawaamkia wakubwa, akasimama mlangoni, mbali na meza kama alivyozoea.

— Baba, ulisema tutazungumza.

— Nilisema. Wewe si mjinga, mama. Kuna kitu kimoja bado hujafundishwa vizuri, na mwenye kukijua ndiye aliyekuwa anakufukuza hapa. Nisamehe. Kanawe mikono, usogee mezani.

Akamtandikia mita moja ya kitambaa cheupe, kipya. Mtoto akakikunja, ncha kwa ncha.

— Nusu, alisema.

Akakikunja tena bila kuambiwa.

— Robo!

Fundi aliitikia kwa kichwa. Mtoto akakikunjua, akakitazama, kisha akawageukia wale wawili waliokuwa wamejibana mlangoni.

— Mjomba Profesa, theluthi inakunjwaje?

Profesa alikohoa. Akamtazama Breki, na Breki akalitazama tofali.

— Basi njooni tujifunze wote, alisema mtoto. Ila mnawe kwanza.

Nao wakaenda kunawa.